Kisima cha Kupimia Utu

Haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, kosa ni la macho yake. Mimi ni kinyozi. Kazi yangu ni kushika wembe kwenye koo za watu na kukubaliana na wanayosema. Naipenda serikali. Nalisema hilo mapema, kabla hatujafika mbali.

Kiongozi wetu, ambaye sheria inataka aitwe Baba hata na waliomzidi umri, alisafiri kwenda mashariki ya mbali kuomba reli. Reli hakupewa, ila alipelekwa kwenye mhadhara. Huko alisikia habari za mzee wa kale wa Uchina aitwaye Konfusio, aliyefundisha kwamba mtawala awe kama baba, raia wawe kama watoto, na kwamba watu wakiongozwa kwa adabu na heshima hakuna haja ya viboko. Baba aliipenda sana ile sehemu ya kwanza. Ilipofika sehemu ya viboko, inasemekana mkalimani alikuwa ametoka kidogo.

Aliporudi alituhutubia uwanjani. "Wanangu," alisema, "nimewaletea kitu kikubwa kuliko reli. Reli hushika kutu. Falsafa haishiki kutu!" Tukapiga makofi. Watu wa mji wangu, ambao ndio waliokuwa wakiingoja hiyo reli, walipiga makofi kuliko wote, maana ndio waliokuwa wakitazamwa kuliko wote.

Likabaki tatizo moja. Je, binadamu ni mwema au mbaya? Konfusio mwenyewe alisema machache: kwamba kwa kuzaliwa watu wako karibu karibu, ila mazoea ndiyo huwaweka mbalimbali. Wafuasi wake waliokuja baadaye ndio waliovutana mashati. Mmoja alisema mtu huzaliwa mwema: ukimwona mtoto anatambaa kwenda kisimani, moyo wako hushtuka kabla hata hujajiuliza wazazi wake ni akina nani. Mwingine alisema mtu huzaliwa na ubaya, kama mti uliopinda, nao sharti ufukizwe kwa mvuke na kubanwa hadi unyooke.

Waziri wa Magereza alikuwa upande wa ubaya, na mitambo ya mvuke alikwisha kuiagiza. Waziri wa Maadili, Mheshimiwa Profesa Mbwembwe, alikuwa upande wa wema. Walibishana bungeni mpaka wahudumu wa chai wakasinzia. Mwishowe Baba akakata shauri. "Watoto wangu wakiwa wabaya," aliuliza, "watu watasema wamemrithi nani?"

Ikapita sheria: kila raia ni mwema kwa asili. Tulifurahi jamani. Sokoni kwetu wezi walikumbatiana na polisi, na baada ya kukumbatiana kila upande ulijipapasa mifukoni.

Furaha ilidumu mpaka kifungu cha pili kiliposomwa redioni. Profesa Mbwembwe alikuwa amegundua kwamba yule mfuasi wa wema aliongeza neno: asiye na moyo wa kushtuka si mtu. Wenye elimu wanasema aliyasema hayo kwa uchungu, kama mama anavyomwambia mwanawe, "Wewe si mtu kabisa." Lakini serikali yetu ni sikivu, ikisikia neno hulitungia kanuni. Kuanzia siku hiyo kila raia angepimwa mshtuko wake, na ambaye hatashtuka angehamishiwa Idara ya Mifugo.

*

Kila mji ulichimbiwa kisima katikati ya soko. Mji wetu una shida ya maji tangu enzi za mababu, kwa hiyo siku ya uzinduzi kina mama walikuja na ndoo. Wakaambiwa hiki si kisima cha maji, ni kisima cha utu. Mwenye kutaka maji aendelee kwenda mtoni. Mkandarasi alichimba hadi alipochoka. Mvua zikanyesha, na ndani yake kukatuama maji na tope la kumfika mtu mzima kifuani.

Ukingoni akawekwa Mtoto wa Taifa. Alikuwa mwanasesere wa mti wa mninga, amevaa rangi za bendera, na kiunoni amefungwa kamba ndefu iliyoshikizwa kwenye nguzo, ili akishatumbukia avutwe na kupigwa rangi upya. Kumgusa ilikuwa kosa. Askari aliyemlinda alimpigia saluti kila asubuhi, kisha akifika mtu wa kupimwa, alimsukuma kwa buti.

Mpimwaji alisimama kwenye alama ya chokaa. Mtoto alitumbukia, chubwi! Bwana Pazi, Mkadiriaji wa Mishtuko, alimtazama mtu usoni na kutoa daraja. Bwana Pazi zamani alikuwa akipanga madaraja ya ngozi za ng'ombe, na wote tulikubali kwamba uzoefu anao.

Mwanzoni watu walishtuka kiholela. Huyu alipiga yowe, yule alizimia, na mwenye bucha mmoja, mtu wa vitendo tu, aliruka akaikamata kamba kabla mwanasesere hajafika majini. Alifungiwa bucha lake. Wizara ikaona upole wetu ukiachwa bila utaratibu utaleta fujo, ikatoa Mshtuko Rasmi. Macho yatoke. Pumzi ivutwe kwa sauti. Mkono wa kulia ugonge kifua, mdomo useme, "Maskini mtoto!" Kisha mguu mmoja urudi nyuma, na raia abaki hivyo hivyo mpaka akadiriwe. Kwenda mbele ni marufuku, maana anayekwenda mbele anamtangulia mkubwa wake, na mkubwa wa wakubwa ni Baba. Mtoto mwenye adabu hamtangulii baba yake.

Tukajifunza. Shule zilianza siku kwa mshtuko badala ya wimbo. Kukawa na tuisheni. Ikafika mahali mwewe akinyakua kifaranga unasikia mtaa mzima, "Maskini mtoto!" vifua vinagongwa, na hakuna anayeokota jiwe. Waliofaulu walibandikwa beji ya utu. Mimi nilifaulu vizuri sana. Nilipigwa marufuku kumnyoa asiye na beji, isipokuwa kwa mkasi wa kondoo.

Walioanguka walipelekwa kwenye zizi la serikali nyuma ya kituo cha polisi. Waliogeshwa kwenye josho, wakachanjwa, wakatobolewa sikio na kuvishwa hereni ya njano ya mifugo. Naambiwa chanjo zenyewe zilikuwa nzuri. Naipenda serikali.

*

Mwalimu Ndonde, mstaafu aliyetufundisha historia nusu ya mji huu, alikuja kunyolewa ndevu siku moja ya soko. Nilikuwa nimemaliza shavu la kulia alipoanza kusema.

"Kinyozi, hawa wamesoma nusu ukurasa wakafunga kitabu."

"Geuza shavu, Mwalimu," nikamwambia.

"Ule mshtuko ni chipukizi tu, bwana. Ndivyo alivyosema yule mtu. Chipukizi linataka kumwagiliwa, likue, lizae. Sasa wewe ukichipuza ukakomea hapo, umevuna nini? Hata mbuzi hushtuka."

"Mwalimu, shavu."

"Nakuuliza. Mbuzi hashtuki?"

Kwenye benchi palikuwa na mteja mmoja nisiyemfahamu, anasoma gazeti. Akalikunja, akatoka bila kunyolewa. Nilitaka kumwambia Mwalimu apitie mlango wa nyuma, lakini kibanda changu hakina mlango wa nyuma. Polisi walifika nikiwa bado naupaka povu upande wa kushoto. Mwalimu Ndonde aliondoka amenyolewa shavu moja, lingine lina ndevu na povu, na mimi sikuthubutu kuuliza nimalizie wapi. Mteja aliyefuata nilimkata sikio. Aligonga kifua akasema, "Maskini mtoto!"

*

Sasa nimfikie mke wangu, maana ndiye niliyekuwa nikimwogopea muda wote huu nikizungusha maneno.

Mwamvua akiogopa hucheka. Ndivyo alivyoumbwa. Nyoka aliingia jikoni, alicheka mpaka nyoka mwenyewe akaondoka. Siku wanamshusha baba yake kaburini, shangazi zake walimziba mdomo kwa kanga, na ukoo mzima haukusema naye mpaka arobaini ikapita. Hata mimi nilipopeleka maneno ya uchumba, alicheka kwa nguvu nikaona aibu, nikashika njia ya kwetu. Kaka yake alinikimbilia. "Rudi, bwana," akaniambia. "Huyo amekubali. Anaogopa tu."

Mimi najua hivyo. Kanuni haijui.

Tulifanya mazoezi uani. Nililiweka boga ukingoni mwa pipa la maji, nikamsimamisha Mwamvua mbele yake, nikalisukuma.

"Maskini boga!" akasema.

"Usiseme boga. Sema mtoto."

"Kinyozi, nami si naona ni boga?"

"Kule utaona ni mti. Sema mtoto."

Nikalitoa boga, nikaliweka tena. Safari hii aliniangalia usoni, na nadhani ndipo alipoona jinsi nilivyoogopa, kwa sababu kicheko kilimtoka hapo hapo, kikamkunja, akakaa chini na kuushika mguu wangu.

"Mwamvua, nakuomba. Kwa haki ya Mungu nakuomba."

"Kinanitoka chenyewe. Nikikizuia ndiyo kinazidi." Alijifuta machozi. "Wewe si unanijua? Mwambie Pazi. Unamnyoa kila Ijumaa. Mwambie mke wangu akicheka ujue ameshtuka kuliko wote."

Nikamwahidi. Ijumaa Bwana Pazi alikuja, akaegemea, akafumba macho. Wembe wangu ulikuwa kwenye koo lake, na bado ni mimi niliyekuwa nikitoka jasho. Nilivuta pumzi, nikafungua mdomo.

"Maji yana vuguvugu la kutosha, mheshimiwa?" nikamwuliza.

"Yanatosha," akasema.

Jioni Mwamvua aliniuliza kama nimesema. Nikamjibu kwamba Bwana Pazi atalifikiria. Jumapili Mjumbe Chande, jirani yetu na mkuu wetu wa nyumba kumi, alibisha hodi. "Shemeji Mwamvua," akasema kwa furaha, "kesho zamu yako. Na una bahati, Waziri mwenyewe anakuja kuangalia!" Mwamvua alicheka. Chande akacheka naye, akidhani ni mapokezi.

*

Profesa Mbwembwe alikuja kwa sababu mji wetu uliongoza nchi nzima kwa ubora wa mishtuko. Alikuja na magari mengi, na katika gari moja alikuwamo mwanawe wa pekee, Kibwe, mtoto mdogo wa kuanza kusema maneno mengi. Inasemekana aliletwa ili ajifunze uongozi.

Waziri alihutubia juani. "Ndugu wananchi wema! Mataifa mengine hupima barabara, hupima mashamba, hupima hata mate ya watu. Sisi tunapima moyo! Na moyo, kama mjuavyo, uko ndani. Kwa hiyo tumeutoa nje, tukauwekea utaratibu." Tukapiga makofi. Sikusikia yaliyofuata kwa sababu nilikuwa namtazama mke wangu, amesimama peke yake kwenye chokaa, ameibana midomo, pua inamcheza. Nilijua ile pua. Nikatafuta kitu cha kushikilia, na kilichokuwa karibu kilikuwa bega la polisi.

Kibwe naye hotuba ilikuwa imemchosha. Aliteremka garini na biskuti mkononi, akamwona yule mwanasesere mwenye rangi nzuri, akamwendea. Nani angemzuia mtoto wa Waziri? Walinzi walimpisha.

Askari akausukuma mti. Chubwi! Macho yote yalikwenda kwa Mwamvua. Kibwe yeye alitaka kuona mwanasesere amekwenda wapi. Aliinama ukingoni, buti za askari zilikuwa zimepaacha pana utelezi, na mtoto akaenda.

Hapo, ndugu msomaji, nikaona kitu ambacho sitaki kukiona tena. Soko zima lilivuta pumzi kwa pamoja. Mikono ya kulia iligonga vifua kwa pamoja, pu! "Maskini mtoto!" tukasema, wauza nyanya, wapagazi, polisi, kina mama wenye watoto mgongoni. Kisha mguu mmoja nyuma. Ulikuwa mshtuko bora kuliko yote iliyopata kupimwa, na Bwana Pazi, nilimwona, machozi yalimlengalenga kwa uzuri wake. Tukabaki hivyo hivyo, tunangoja.

Tulikuwa tunamngoja mkubwa aende kwanza. Mkubwa pale alikuwa Waziri. Waziri alisimama mkono kifuani, mguu nyuma, macho yamemtoka kikweli, midomo inatetemeka, naye alikuwa anamngoja mkubwa wake. Baba alikuwa ikulu, safari ya siku nzima kwa gari. Kisimani maji yalichapwachapwa. Sauti ndogo iliita mara moja. Kisha yakaanza kuchapwa polepole.

Ndipo kikasikika kicheko.

Mwamvua alikuwa anakimbia huku anacheka. Alicheka kwa sauti ya kupasua, kanga imemdondoka, kandambili moja imebaki kwenye chokaa. Aliishika kamba ya Mtoto wa Taifa kwa mikono miwili, akajitupa ndani. Kicheko kikaendelea mle chini, kinapanda na kushuka, kikamezwa na maji, kikarudi. Hakuna aliyesogea. Kamba ikakaza, nguzo ikalia, na mke wangu akatokeza kwenye ukingo amejaa tope hadi nyusi, mtoto amemning'iniza begani. Alimlaza kifudifudi, akamgonga mgongo, maji yakamtoka. Kibwe akalia. Mwamvua akakaa topeni, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na machozi yakachora mistari kwenye tope la uso wake.

Mkono wangu ulikuwa bado kifuani.

*

"Amecheka," akasema Bwana Pazi.

Waziri alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia mwanawe, suti imeharibika, analia kama mzazi yeyote. Nikapata tumaini. Alilia kwa muda, kisha akamkabidhi mtoto kwa dereva, akajifuta uso, akainuka. Alipomaliza kuinuka alikuwa Waziri tena.

"Ndugu wananchi," alisema. "Mama huyu amecheka mtoto akizama. Amegusa kamba ya Mtoto wa Taifa. Amemtangulia kila mkubwa wake. Najua kuna watakaosema moyoni, lakini ameokoa! Nasema, mbwa pia huokoa watoto, na hatujampa mbwa beji. Kuokoa ni tendo, na tendo hata mnyama hulitenda. Utu ni hali. Je, hali yake mmeiona?"

"Tumeionaaa!" tukaitikia.

"Mimi kama mzazi, moyo wangu unamshukuru sana. Mimi kama serikali, sina moyo, nina utaratibu." Akakohoa. "Kwa shukrani zangu binafsi, huko aendako atavishwa kengele ya heshima. Ya shaba."

Tukapiga makofi. Mwamvua alipokuwa anapandishwa kwenye lori la mifugo aligeuza kichwa akiwatazama watu mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya yule polisi mrefu.

*

Nilikwenda zizini kesho yake. Njia nzima nilijiambia nitasema hiki, nitasema kile. Nje palibandikwa tangazo jipya: kwa kuwa Konfusio alifundisha kuwaheshimu waliotangulia, Baba atafanya tambiko kubwa la mababu zake, na kila zizi la serikali litume mifugo yake yote kabla ya mwisho wa juma. Nililisoma, nikalirudia. Lilieleza ngoma zitakazopigwa, nguo za kuvaa, na nani atakaa kulia kwa nani. Halikusema nani atakula na nani ataliwa.

Ndani, wa kwanza kuniona alikuwa Mwalimu Ndonde. Hereni ya njano ilimning'inia sikioni, na ndevu za upande mmoja zilikuwa zimefika kifuani.

"Kinyozi," akaniita, "umekuja kumalizia?"

Mwamvua alikuwa ameketi kwenye majani makavu, kengele shingoni. Sikio lake lilikuwa limevimba. Aliponiona kengele ililia kidogo, maana alikuwa ameanza kucheka.

Bwana Pazi aliketi mezani penye kivuli. Nilimwambia nimekuja kuomba. Akanisikiliza kwa upole, kwa kuwa ni mteja wangu, akasema kanuni inaruhusu jambo moja: mnyama mwenye mwenyewe aweza kurudishwa nyumbani, mradi afungwe kamba, asiachwe kuzurura, na asichukuliwe kama mtu.

"Sasa wewe ni nani wake?" akauliza.

"Mume wake, mheshimiwa."

Aliweka kalamu chini. "Sikia, kinyozi. Mtu kuwa mume wa mnyama ni kosa kubwa sana, na adhabu yake naogopa hata kuitaja. Nitajifanya sikusikia. Nakuuliza tena. Wewe ni nani wake?"

Mwalimu Ndonde alinitazama. Mwamvua alinitazama. Nje lori la kupeleka mifugo kwenye tambiko lilikuwa linapashwa moto, na mimi nilikuwa na beji kifuani.

"Mfugaji wake," nikasema.

"Vizuri," akasema Bwana Pazi. "Mbona rahisi."

Nilipewa kamba mpya ya katani. Mwalimu hakuwa na mtu wa kuja kumchukua. Nilipopita karibu naye aliushika mkono wangu, kisha akauachia.

*

Tulipita katikati ya soko kwa sababu njia nyingine hakuna. Nilitangulia, yeye nyuma, kengele inalia. Watu walitupisha kwa heshima. Wauza nyanya aliozoea kutaniana nao wakaanza kupanga nyanya zao upya. Mzee mmoja aliniuliza kama nitamtunza kwa nyasi au kwa pumba. Nikasema pumba. Mjumbe Chande alinipa mkono barazani kwake. "Hongera kwa mfugo, jirani," akasema, lakini hakuthubutu kumtazama shemeji yake. Mwamvua alicheka njia nzima. Mimi ninayemjua nilikisikia kile kicheko kama mtu anayesikia mtoto wake akilia chumba cha pili, nami niliikaza kamba vizuri, maana kanuni yasema isilegee.

Tulifika. Nikafunga mlango. Jua lilikuwa bado kali, na kupitia dirishani nilimwona Chande amehamisha kiti chake, akakiweka mahali panapoonekana uani kwetu.

"Nifungue, basi," Mwamvua akasema. "Tumefika nyumbani."

Nikatazama dirisha. Nikatazama fundo.

"Ngoja giza liingie," nikamwambia. "Mara moja tu, mke wangu. Chande yuko pale."

Kengele ilinyamaza. Nilidhani ataanza tena kucheka, nikawa nangoja acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, akaiweka kamba magotini, akanitazama kwa utulivu ambao sijapata kuuona kwake tangu nimwoe.

"Jana ulishtuka vizuri sana," akasema. "Nilikuona."